Rangi Si Uzima wa Chuma: Kisa cha Shinikizo Kuukuu la Risasi

Wahenga wetu walinena: ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Lakini hawakutwambia la kufanya na kile kilichoundwa, kikaelea miaka, kisha kikatupwa pembeni kikaliwa na kutu. Je, kifukiwe? Kiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu? Au kuna wa kukishika mkono kikainuka?

Usiku mmoja baada ya Isha tulikuwa barazani Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, tukinywa kahawa chungu, mara picha ikaingia kwenye simu yangu. Imetoka kwa mpwa wangu aliye Minnesota, Marekani, mwaka wa kumi na mbili huu, akiendesha mabasi ya shule. Katika picha mlikuwa na kitu cha chuma kizito, umbo lake kama herufi C, kina mkono mrefu ubavuni, na kimevaa kutu kama kilichoopolewa baharini. Chini ya picha ameandika: "Mjomba, nini hiki?"

Simu ikapita mkono kwa mkono. Mmoja akasema ni kikamulio cha miwa. Wa pili akasema la, ni chombo cha kugongea muhuri. Mzee mmoja aliyewahi kuwa baharia akavaa miwani, akatazama kwa utulivu, akasema: "Hili ni shinikizo la kushindilia risasi. Nimeliona Marekani kwa wawindaji." Baraza zima likanyamaza.

Kwetu sisi neno kushindilia twalijua tangu enzi za gobori: baruti ilimiminwa mdomoni mwa mtutu, ikashindiliwa kwa fimbo, kisha gololi ikafuata. Risasi za leo hazishindiliwi hivyo, kwa kuwa kila moja ni kifurushi kamili chenye vitu vinne: ganda la shaba ya manjano, fataki ndogo kitakoni mwa ganda, baruti tumboni, na kichwa mbele. Bunduki ikilia, fataki imekufa, baruti imeungua na kichwa kimekwenda zake. Ganda hubaki. Nalo ndilo ghali, na lawezekana kutumika tena mara kadhaa.

Ila ganda lililotumika limetanuka kwa nguvu ya moto, halirudi tena mahali pake. Hapo ndipo penye kazi ya shinikizo. Ganda huwekwa juu ya mchi wa chuma, mkono ukavutwa, mchi ukapanda na kulisukuma ganda ndani ya kalibu ngumu inayolirudisha katika kipimo chake. Papo hapo sindano hung'oa fataki iliyokufa. Baadaye hutiwa fataki mpya, baruti iliyopimwa, na kichwa kipya.

Wamarekani wameijua kazi hii zamani. Mwaka 1884, John Barlow alianzisha kampuni ya Ideal mjini New Haven, akiuza vyombo vya mkononi mfano wa koleo, ambavyo mwindaji aliye mbali na maduka aliweza kuvitia mkobani. Baadaye yakaja mashinikizo makubwa ya kufungwa mezani. La mpwa wangu lilikuwa la Herter's, kampuni ya mji wa Waseca, huko huko Minnesota, iliyouza kwa njia ya posta kila kitu cha mwindaji na mvuvi, kwa katalogi nene kama kitabu. Kampuni hiyo ilifilisika, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa imekwisha. Vyuma vyake vimebaki katika mabanda ya watu hadi leo.

Mpwa wangu hakulitafuta. Alikwenda kununua jiliwa kuukuu katika nyumba iliyokuwa ikiuza vyombo vya marehemu, akapewa na boksi moja kama nyongeza. Humo ndimo lilimokuwa.

Asubuhi yake dadangu akanipigia simu, sauti imemkauka. Habari za baraza zilikwishamfikia. "Ndugu yangu, mwambie mwanao akitupe kitu hicho. Kijana mweusi, Mwislamu, mgeni katika nchi ya watu, mezani kwake pana mtambo wa risasi? Wataka nimzike kwa simu?"

Sikuwa na la kumjibu upesi. Hapa Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu raia kujitengenezea risasi bila leseni. Kule Marekani sheria ya nchi nzima humruhusu mtu kujishindilia risasi za matumizi yake mwenyewe. Akitaka kuziuza ndipo hutakiwa leseni. Lakini mama hapimi mambo kwa sheria. Mama hupima kwa moyo wake, na moyo wa dadangu ulikuwa na haki ya kuogopa.

Nikamwandikia kijana maneno ya mama yake. Akajibu: "Mjomba, sina bunduki wala siitaki. Baruti haitaingia nyumbani mwangu. Nataka kujua tu kama mikono yangu bado ni ya babu." Nikaishiwa na maneno. Marehemu babu yake, ndiye baba yangu, alikuwa fundi wa cherehani. Alikuwa akiletewa Singer iliyoganda kwa kutu, akailaza katika mafuta ya taa siku tatu, na siku ya nne ikashona kanzu. Basi nikamwombea ruhusa kwa mama yake kwa sharti moja: kazi ikiisha, kitu hicho kitoke nyumbani.

Kazi yenyewe aliianza vizuri. Kwanza alikagua kama hakuna fataki nzima iliyonasa, kwani fataki ni ndogo kuliko dengu lakini haina mzaha. Kisha akaviloweka viungo katika mafuta mepesi yapenyayo, asilazimishe kitu. Chuma cha kusubu hakina tabia ya chuma cha kufuliwa: hakipindi, huvunjika, na kikivunjika kukiunga ni shida. Viungo vilipolegea akakitia kiwiliwili katika pipa la plastiki lenye maji na magadi ya kufulia, akapitisha umeme mdogo wa kuchajia betri, upande mmoja umefungwa shinikizo na upande wa pili kipande cha chuma cha kawaida. Kutu ikaachana na chuma yenyewe, bila ya tupa. Yafaa kazi hiyo ifanywe nje, kwa sababu maji hutoa haidrojeni, gesi ishikayo moto. Wala chuma kisichoshika kutu kisitiwe humo, maana huacha sumu majini.

Rangi ya zamani aliibandua ikiwa mbichi, asije akavuta vumbi, kwani rangi za miaka hiyo aghalabu zilikuwa na madini ya risasi. Mchi hakuusugua kwa msasa. Aliupangusa kwa mafuta na sufi laini ya chuma, kwa kuwa mchi uliopunguzwa unene hata kidogo hucheza ndani ya tundu lake. Akapaka rangi mpya, akatia mafuta, akanitumia picha. Wallahi lilimetameta! Baraza zima likasifu. Hata dadangu akasema, "Kumbe ni zuri."

Jirani yake, mzee wa Kimarekani, mwindaji wa paa tangu utoto, akaja kuliona. Naye alisifu rangi. Kisha akauvuta mkono mtupu, na mchi ukapanda ukakutana na kalibu, chuma kwa chuma. Akatia ganda moja tupu, lisilo fataki wala baruti, akavuta tena, akainama akatazama. "Njoo uone," akamwambia kijana. Baina ya kalibu na kishikizo cha ganda kulikuwa na uzi mwembamba wa mwanga.

Msomaji, uzi huo ndio ulionifanya nishike kalamu. Shinikizo likiwa tupu lilifunga sawasawa. Lilipopewa mzigo, likaachama. Sababu yake ilikuwa viungoni: matundu ya pini yalikuwa yamelika yakawa mviringo wa yai, na pini moja haikuwa pini, bali msumari uliokatwa, uliowekwa na mwenyewe wa zamani. Mpwa wangu aliuona msumari ule, akaupaka rangi.

Je, uzi wa mwanga una madhara gani? Ganda halirudi katika kipimo chake, basi bunduki hulikataa. Mshindiliaji asiyejua huishusha kalibu, na kuishusha tena. Kwa kuwa viungo vinacheza, ganda moja hubanwa kidogo na jingine hubanwa kupita kiasi. Lile lililobanwa mno hubaki na nafasi ndani ya bunduki. Likilipuka huvutika, na karibu na kitako chake hukatika. Katika bunduki ya .30-06, ambayo Wamarekani wameitumia tangu 1906, nguvu ya gesi yaweza kufika pauni 60,000 kwa kila inchi ya mraba. Gurudumu la gari lako dogo lina pauni 30 hivi. Na jicho la mtu liko hapo hapo, karibu na kitako cha ganda.

Ndiyo maana watu wa kazi hiyo hupima kila kitu. Baruti huipima kwa uzani uitwao punje, na masonara wetu wataujua bila ya kujua kwamba wanaujua, kwa sababu tola moja ya dhahabu ni punje 180. Risasi moja ya bunduki niliyoitaja huchukua baruti isiyofika thuluthi ya tola. Sonara akikosea punje mbili, mtu hupunjika. Mshindiliaji akikosea punje chache, mtu hupofuka.

Nilikumbuka chuoni. Palikuwa na mwenzetu mwenye sauti tamu, akisoma wapita njia husimama. Mwalimu alikuwa akimkatiza kila aya, kwa kuwa herufi alizitoa pasipo mahali pake. Siku moja yule mwenzetu akalia. Mwalimu akamwambia: "Sauti yako Mungu amekupa, sikuiteta. Mimi nakudai herufi." Sisi watoto tuliona ni ukatili. Leo naona alikuwa akitazama uzi wa mwanga.

Mpwa wangu aliona haya, na haya ni mwanzo wa ufundi. Akalifungua shinikizo zima upya. Akayapeleka matundu kwa mkereza vyuma, yakatobolewa yakawa duara tena, na pini mpya nene zikakerezwa kwa kipimo cha matundu. Rangi ikachubuka hapa na pale, naye hakuirudia. Mzee alipokuja mara ya pili, akatia ganda, akavuta, akainama. Giza tupu. Mwanga haukupita.

Pakabaki tatizo moja. Herter's ilikuwa na vishikizo vya magamba vya umbo lake yenyewe, na ndani ya boksi kilikuwamo kimoja tu. Mzee akaenda kwake, akarudi na mkebe wa biskuti. Ndani vilikuwa vishikizo vya Herter's vya kila aina. Alikuwa na shinikizo kama lile ujanani, akaliuza siku za dhiki, na vishikizo vikasahauliwa mkebeni. Miaka yote hiyo hakuvitupa. Kijana hakusema mengi. Alilifungua mezani, akampa. Mzee akatoa pesa, kijana akakataa. Akaomba ule msumari tu.

Hesi ya tundu lake ni ile ile inayotumika hata sasa, inchi saba kwa nane, meno kumi na manne kwa inchi. Kalibu inayotengenezwa mwaka huu itaingia katika shinikizo hilo kuukuu kama iliyozaliwa nalo. Waliolisubu wamekufa, kampuni imekufa, na kipimo bado kinaishi.

Usiku ule dadangu alipata picha mbili. Ya kwanza ni meza tupu, imepanguswa. Ya pili ni msumari kiganjani. Akaniuliza, "Na huu msumari ni wa nini?" Nikamwambia, huo ndio shahada ya mwanao.

Nami namalizia kwa ubeti mmoja, nimtunukie yeye na kila fundi anayetazama ndani:

Chuma hupakwa rangiye, kikametameta sana,
Akatamani ajaye, akasema kimefana,
Ila fundi apimaye, ndiye kasoro huona,
Rangi haizibi ufa, chuma hutaka mizani.