Kejeli ya Vita katika Jina la "Lina Ubani"

Methali isemayo "La kuvunda halina ubani" haiachi tumaini: kilichooza kimeoza, wala manukato hayakifichi. Penina Muhando, mhadhiri wa Sanaa za Maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliipa tamthiliya yake ya mwaka 1984 jina la Lina Ubani. Kilichodondoshwa ni kiambishi cha ukanushi ha- tu, na kwa silabi hiyo moja hukumu ya wahenga ikageuka kuwa hoja.

Hoja hiyo ilikuwa na uzito wakati huo. Majeshi ya Idi Amin yalivamia eneo la kaskazini ya mto Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilitekwa na serikali yake ikaanguka. Lugha ya vita, hata hivyo, haikurudi kambini pamoja na askari. Neno nduli, yaani mtu katili muuaji, lilikuwa limegandamana na jina la Amin hata likawa kama cheo chake. Kisha mwaka 1983, serikali ilipowaandama walanguzi na waficha bidhaa, iliwaita wahujumu uchumi; na kuhujumu ni kitenzi cha vita, maana yake kushambulia. Adui wa ng'ambo ya mto sasa alitafutwa madukani.

Tamthiliya ya Muhando iliandikwa katika dhiki iliyofuata ushindi huo. Vichekesho vya vikundi vya utamaduni, vilivyochezwa katika kumbi za baa za Temeke na Kinondoni, mara nyingi vilimcheka mlevi au mshamba. Kuicheka dola kulihitaji kificho, na Kiswahili kina kificho cha kutosha katika upatanisho wake wa kisarufi.

Kiambishi li- hurejelea nomino ambayo methali haiitaji. Wengi hujaza jambo. Lakini taifa nalo ni la ngeli hiyo, na jeshi, na hata azimio, neno ambalo Mtanzania wa 1984 hakulisikia bila kukumbuka Arusha. Mkaguzi gani angemshtaki mtu kwa kiambishi?

Jina hili husomwa kwa urahisi kama faraja: uozo una dawa. Mkazi wa Temeke, hata hivyo, analijua neno ubani kwa maana nyingine pia, ile ya fedha anazokabidhiwa mfiwa na majirani matangani. Katika masikio yake jina hilo ni tangazo la msiba: maiti yupo, watu watoe walicho nacho. Ushindi ulikwisha kushangiliwa. Wafiwa wa vita walikuwa bado wamekaa mkekani.

Tena, jina halina alama ya kuuliza, wala Kiswahili hakihitaji neno jipya ili kuuliza. Kiimbo kikipanda mwishoni, maneno yale yale mawili huwa swali: Lina ubani?