Onyo la Namba 4,294,967,297

Mara nyingi mwanafunzi huijaribu kanuni kwa mifano mitatu au minne, akaona inakubali, akaandika kuwa imethibitika. Namba 4,294,967,297 yatuonya tusifanye hivyo.

Mwaka 1640 mwanahisabati Mfaransa, Pierre de Fermat, alizichunguza namba 2¹+1, 2²+1, 2⁴+1, 2⁸+1 na 2¹⁶+1, yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote ni namba tasa: hazigawanyiki kamili ila kwa 1 na kwa zenyewe. Akaamini, pasipo uthibitisho, kuwa zote zifuatazo ni tasa pia.

Inayofuata ni 2³²+1, ndiyo namba yetu. Kuipima kwa kila namba tasa isiyozidi kipeuo chake cha pili kungehitaji majaribio 6,542. Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi, alionyesha njia fupi: kila kigawo tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, hubakiza 1. Basi tunajaribu 193, 257, 449, 577 na 641 tu. Nne za kwanza hazigawanyi kamili. Ya tano hugawanya:

641 × 6,700,417 = 4,294,967,297.

Euler alitangaza jibu hilo mwaka 1732. Msomaji na achukue kalamu ahakikishe mwenyewe.

Mifano mitano ilikubali, wa sita ukakataa. Hata leo, baada ya 65,537, haijapatikana namba tasa nyingine ya jamii hii. Mifano hutupatia dhana. Uthibitisho peke yake ndio utupao hakika.