Jeki Huinua, Gogo Hubeba

Ndugu msomaji, siku hizi vijijini mwetu magari ni mengi kuliko zamani. Kuna pikapu zinazobeba mahindi na mkaa. Kuna Land-Rover kuukuu zinazopeleka watu mnadani. Kuna matrekta na matela yake. Mengi ya magari haya huharibika mbali na gereji. Kwa hiyo hutengenezwa nyumbani, chini ya mwembe, na wenye magari wenyewe.

Kujitengenezea gari ni jambo jema. Huokoa fedha na muda. Lakini kazi hii ina hatari moja kubwa. Hatari hiyo ni kuingia uvunguni mwa gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake.

Tuchukue mfano wa jambo linaloweza kutokea katika kijiji chochote.

Kijana na mzee fundi

Ilikuwa siku ya mnada. Land-Rover iliyojaa abiria ilikatika springi ya nyuma. Abiria wakashuka, wakakaa kivulini. Kijana dereva akavuta breki ya mkono. Akaweka jeki chini ya ekseli, akainua gurudumu la nyuma. Akatoa gurudumu. Kisha akalala chali, akaingia chini na spana zake.

Mzee mmoja aliyekuwa fundi wa magari kwa miaka mingi akapita. Akaona miguu tu imetokeza.

Kijana akasikia nyayo, akasema, "Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lakini toka kwanza huko chini, ndipo tusalimiane vizuri."

"Dakika mbili tu, mzee. Imebaki nati moja."

"Hizo dakika mbili ndizo zinazoua. Toka. Kalete gogo."

Kijana hakufurahi, lakini alimheshimu mzee. Akatoka, akaenda kutafuta gogo. Hakuwa amefika mbali. Abiria mmoja akapanda nyuma ya gari kuchukua kikapu chake. Gari likatikisika. Likasogea mbele kidogo tu, kama shubiri moja. Jeki ikalala. Ekseli ikagonga ardhi kwa kishindo, mahali pale pale kilipokuwa kifua cha yule kijana.

Watu wote wakanyamaza. Kijana akakaa chini. Mzee hakumgombeza. Alisema tu, "Jeki huinua. Gogo hubeba."

Kwa nini jeki haitoshi?

Jeki nyingi za magari makubwa ni zile zenye umbo la chupa. Ndani yake mna mafuta. Ukipampu, mafuta husukumwa chini ya nguzo nene ya chuma. Mafuta hayashindiliki, kwa hiyo nguzo hupanda na kuinua gari.

Ni kitu gani kinachozuia mafuta hayo yasirudi? Ni mpira mdogo na skrubu ya kushushia. Mpira ukichakaa, mafuta huvuja na gari hushuka. Skrubu ikilegea, gari hushuka. Uhai wa mtu aliye chini unategemea mpira mdogo kama pete.

Magari madogo huja na jeki ya kukunjua, inayozungushwa kwa mkono. Hiyo haina mafuta, lakini mguu wake ni mwembamba. Gari likisogea kidogo kwa upande, jeki hiyo hupinda au huanguka.

Tena tukumbuke uzito. Pikapu tupu huweza kuwa na kilo 1,500 au zaidi. Hayo ni sawa na magunia 15 ya mahindi, kila gunia kilo 100. Nani atakubali kulala chini ya magunia 15 yaliyosimama juu ya chupa?

Breki ya mkono inaweza kukudanganya

Yule kijana alivuta breki ya mkono. Kwa nini gari lilisogea?

Katika Land-Rover za zamani, breki ya mkono haishiki magurudumu yenyewe. Hushika shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma. Katikati ya ekseli hiyo kuna difu. Kazi ya difu ni kuruhusu magurudumu mawili yazunguke kwa mwendo tofauti gari linapokata kona. Basi ukiinua gurudumu moja la nyuma, hilo lililo hewani huwa huru kuzunguka. Likizunguka kinyumenyume, lile lililo chini hubiringika mbele. Gari hutembea, na breki imevutwa!

Magari mengi madogo nayo breki yake ya mkono hushika magurudumu ya nyuma tu. Ukiinua nyuma, breki hiyo haina kazi tena. Kuacha gari kwenye gia pia si dawa. Gurudumu moja linalosukumwa na injini likiwa hewani, gia inaweza isizuie kitu.

Kwa hiyo vuta breki ya mkono, weka na gia, lakini usiviamini. Dawa ni kabari.

Kabla ya kuinua gari

1. Chagua mahali tambarare. Usiinue gari kwenye mteremko. Waambie watu wote washuke, na mizigo ishushwe.

2. Weka kabari kwenye magurudumu yatakayobaki chini. Weka mbele na nyuma ya kila gurudumu. Kabari ni kipande cha mti mgumu kilichochongwa, upande mmoja mnene na upande mmoja mwembamba. Usitumie jiwe la mviringo. Jiwe hilo litabiringika pamoja na gari.

3. Soma maandishi yaliyo kwenye jeki. Wewe sasa unajua kusoma, basi elimu yako ikulinde. Kwenye jeki nyingi imeandikwa namba na herufi T, kama 2T au 5T. Maana yake ni tani. Tani 1 ni kilo 1,000. Jeki ya tani 2 haifai kwa lori. Jeki inayovuja mafuta haifai kwa gari lolote.

4. Weka ubao mnene chini ya jeki. Udongo wetu ni laini, hasa baada ya mvua. Tuseme kitako cha jeki kina sentimita 10 kwa 10, na kimebeba kilo 500. Kila sentimita moja ya mraba ya ardhi inabeba kilo 5. Ukiweka ubao wa sentimita 30 kwa 30, mzigo ule ule unaenea mahali pakubwa mara 9. Jeki haitazama.

5. Kama unatoa gurudumu, legeza nati kidogo gari likiwa bado chini. Ukivuta spana kwa nguvu gari likiwa juu, utalitikisa na kuliangusha.

Egemeza gari kabla ya kuingia

Inua gari kiasi kinachotosha tu. Kisha weka kitu imara cha kulibeba. Kizuri zaidi ni stendi za chuma zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Stendi hazina mafuta wala mpira wa kuchakaa. Angalia uzito ulioandikwa juu yake, kama ulivyofanya kwa jeki.

Kama huna stendi, tumia vipande vinene vya mti mgumu, mkavu, usio na nyufa wala kuliwa na mchwa. Mwombe seremala vipande alivyobakiza. Vipange viwili viwili kwa kupishana, kama watoto wanavyopanga nyumba ya vijiti. Safu moja ielekee upande huu, safu ya juu ielekee upande mwingine. Mnara huo uwe mpana na mfupi. Mnara mwembamba na mrefu huanguka.

Weka stendi au magogo chini ya ekseli au chini ya chuma kinene cha fremu. Usiweke chini ya bati, wala chini ya tangi la mafuta, wala chini ya injini. Shusha jeki polepole mpaka uzito ukae juu ya magogo. Jeki iache pale pale iguse gari, iwe mlinzi wa pili.

Usitumie matofali, hata kama ni ya saruji. Tofali linaweza kubeba gari asubuhi nzima, kisha likapasuka mara moja bila kukuonya. Mti mara nyingi hulia na kupinda kabla ya kuvunjika. Tofali halikupi hodi.

Chukua sasa gurudumu ulilotoa, au lile la akiba. Lilaze chini ya fremu, karibu na mahali utakapofanyia kazi. Hata yote mengine yakishindwa, gari litaangukia gurudumu, na wewe utabaki na nafasi ya kupumua.

Mwisho, simama pembeni ulisukume gari kwa mkono. Likitikisika ovyo, shusha uanze upya. Ni afadhali lianguke wakati hakuna mtu chini.

Ukiwa chini ya gari

Usifanye kazi hii peke yako. Mtu mzima mmoja akae karibu, awe anakuona na kukusikia. Kazi yake ni kulinda. Asiruhusu mtu yeyote kupanda gari, kuegemea, wala kufunga mlango kwa nguvu.

Ufunguo wa gari uwe mfukoni mwa yule aliye chini. Hapo hakuna atakayewasha injini kwa bahati mbaya.

Watoto wakae mbali. Mtoto hupenda kuingia mahali baba au kaka yake alipoingia. Hupenda pia kushika usukani wa gari lililosimama. Akina mama na wazee, tusaidieni kuwaita waje kwenu.

Ukimaliza, toka na vyombo vyako vyote. Hakikisha hakuna mtu wala mnyama chini. Ndipo ulishushe gari.

Sheria hii ni ile ile kwa tela na kwa tipa. Bodi la tipa likiwa juu, usiingie chini yake mpaka limeegemezwa kwa nguzo yake ya chuma.

Gari likimwangukia mtu

Kifua kikibanwa, mapafu hayawezi kujaa hewa. Mtu huyo hawezi hata kupiga kelele. Anaweza kufa katika dakika chache. Kwa hiyo fanyeni haraka, lakini kwa akili.

Msimvute miguu wakati uzito bado uko juu yake. Inueni gari kwanza. Kama jeki iko karibu, itumieni. Kama watu ni wengi, shikeni upande mmoja muinue pamoja, kwa amri ya mtu mmoja. Wengine waingize magogo mara gari linapopanda, lisije likarudi. Mtu mwingine asiingie chini.

Mtoeni kwa uangalifu, shingo na mgongo vikiwa vimenyooka. Mlazeni juu ya mlango au ubao mpana. Kama anatoka damu, bonyezeni kidonda kwa kitambaa safi. Kama kuna aliyefundishwa huduma ya kwanza, amsaidie hapo hapo. Pigeni simu 112, au 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Mpelekeni hospitali hata kama anasema hajambo. Damu inaweza kuwa inavuja ndani ya mwili bila kuonekana nje.

Tukubaliane

Ndugu msomaji, magogo manne na kabari nne hazina gharama kubwa. Zichonge wiki hii. Zifunge kwa kamba, uziweke ndani ya gari pamoja na jeki. Zisitumike kama kuni! Ukiona ndugu yako amelala chini ya gari lililobebwa na jeki tu, usipite. Mwite atoke, kama mzee yule alivyofanya. Atakukasirikia kidogo leo, lakini jioni atakula chakula na watoto wake.

Zungumzeni katika kikundi chenu

1. Kwa nini Land-Rover ya yule kijana ilisogea ingawa breki ya mkono ilivutwa?

2. Kwa nini mti ni bora kuliko tofali?

3. Katika kijiji chenu, ni nani wanaotengeneza magari nyumbani? Je, wana magogo na kabari? Nani atawasomea habari hii?