Kinga kwa Ajili ya Wagonjwa: Jizoeze Mbele ya Kuondoka

Huku kwetu Masisi na Walikale hakuna anayehitaji kufundishwa kwamba kinga, yaani baiskeli, ni kitu cha kazi. Kinga inabeba mihogo, inabeba bidoni za maji, na siku nyingine inabeba mama mgonjwa ambaye mume wake anamsukuma pole pole mpaka kwa waganga. Lakini iko kazi nyingine ya kinga ambayo hatujaizoea sana, nayo ni kupanda safari ndefu ili kukusanya msaada kwa ajili ya wengine. Ninyi vijana wa kwaya, na ninyi wazazi, leo ninataka tuongee juu ya kazi hiyo, na zaidi juu ya matayarisho yake.

Inafanyika namna gani?

Jambo lenyewe si gumu. Wewe unasema mbele ya watu, "Siku fulani nitapanda kilomita 40." Halafu unaomba jirani, mjomba, mwenye duka, kila mmoja aahidi kitu kwa kila kilomita. Mtu akiahidi franga 200 kwa kilomita, nawe ukazimaliza zote 40, atatoa franga 8,000. Vijana kumi, kila mmoja na watu watano waliomwahidi, watapata franga 400,000. Asiye na feza anaweza kuahidi sabuni ama maharagi. Si mchezo huo.

Huko Marekani, katika jimbo la Massachusetts, mtu anayeitwa Billy Starr alikuwa amefiwa na mama yake kwa ugonjwa wa kansa. Mwaka wa 1980 waliondoka watu 36 kwa baiskeli, wakapata dola 10,200 kwa ajili ya kazi ya kupigana na kansa. Safari ile ikaendelea kila mwaka. Ilipofika 2024, jumla ya feza iliyopatikana tangu mwanzo ilikuwa imepita dola bilioni 1. Angalia vizuri: walianza watu 36 tu.

Na hapa karibu, Zambia, shirika la World Bicycle Relief, lililozaliwa 2005, liligawa baiskeli 23,000 kwa watu wa kujitolea waliokuwa wakienda nyumba kwa nyumba kutunza wagonjwa. Mtu aliyekuwa akitembea kwa miguu kufikia nyumba chache, kwa baiskeli alifikia nyingi zaidi siku ile ile.

Kwetu sababu hazikosekani. Mwezi wa kwanza wa 2024, mapigano yalipofika Mweso, maelfu ya watu walikimbilia ndani ya hospitali kuu, wakalala humo na watoto wao. Kila familia hapa inajua kwamba siku ya shida tutaelekea pale. Kununulia mama aliyezaa sabuni na nguo za mtoto, ama kulipia moto inayoleta mgonjwa kutoka kijiji cha mbali, hiyo ni kazi ya kutosha kwa kundi la vijana.

Moyo unataka, mapaja yanakataa

Sasa tufike kwenye shida yenyewe. Kijana anasikia habari kama hii, moyo unawaka, anaazima kinga ya kaka yake siku ya Jumamosi, na Jumapili anataka kwenda Kitshanga na kurudi. Kufika kwenye mlima wa kwanza, mapaja yanawaka moto. Kufika wa pili, amelala kando ya barabara, na wenzake wanaacha safari ili wamtafutie namna ya kurudi. Alitoka kusaidia wagonjwa, kumbe yeye ndiye amekuwa mgonjwa wa kubebwa. Bwana Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba anakaa kwanza na kuhesabu gharama. Gharama ya safari ya kinga unailipa mbele, majuma mengi mbele, kwa safari fupi fupi ambazo hakuna anayekupigia makofi.

Nawe kijana unayechimba koltani Rubaya ama kasiterite Bisie, usidanganyike. Mgongo wako na mikono yako ni ya chuma, ni kweli, lakini kinga inataka mapaja, magoti na pumzi ya muda mrefu. Na kama umechimba siku sita, mwili unadai usingizi kwanza.

Jifunze kwa Kinjah wa Kenya

Huko Kikuyu, karibu na Nairobi, yuko mwendeshaji anayeitwa David Kinjah. Aliwakusanya vijana wa kijiji, akawafundisha kupanda na pia kutengeneza baiskeli kwa mikono yao. Kati ya watoto waliofika kwake alikuwa Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1985. Shindano la kwanza la mtoto huyo, alipokuwa na miaka kama 13, lilikuwa la kukusanya msaada. Baadaye akashinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Sisi hatutafuti kombe. Lakini mambo mawili tunayachukua: alianza na barabara za udongo kama zetu, na aliyemfundisha alijua kufungua gurudumu na kulirudisha.

Kwa hiyo anza na kinga yenyewe. Kaa kwenye kiti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke. Ukiweka sasa sehemu ya mbele ya mguu, goti litakunjika kidogo, na hapo kiti kiko sawa. Wengi wetu tunapanda na kiti cha chini sana, halafu tunalaumu magoti. Jaribu freni zote mbili. Paka mnyororo mafuta kidogo, pangusa yanayobaki. Jifunze kuziba mpira ukiwa nyumbani, mchana, bila haraka, ili usijifunzie kwenye mvua.

Majuma manane

Huu ni mpango wa mtu asiyezoea, anayetaka kufikia kilomita 40.

Juma la 1 na la 2: siku tatu kwa juma, nusu saa kila siku, mahali pa tambarare.

Juma la 3 na la 4: siku mbili za dakika 45, na Jumamosi kilomita 12, halafu 15.

Juma la 5 na la 6: siku mbili fupi vilevile, na Jumamosi 20, halafu 25. Hapa tia milima midogo.

Juma la 7: Jumamosi kilomita 30.

Juma la 8: punguza. Kilomita 10 mara mbili tu, ulale vizuri, halafu siku yenyewe.

Aliyemaliza 30 peke yake atamaliza 40 pamoja na wenzake. Ukikosa juma moja juu ya malaria ama kazi ya shamba, usiruke mbele. Rudia juma lile. Na kipimo cha mwendo ni hiki: uweze kuongea na mwenzako bila kukata pumzi. Ukishindwa kuongea, unakwenda mbio kupita kiasi.

Kunywa mbele ya kiu kukukamata. Katika litri moja ya maji safi, tia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Safari ikipita saa moja, kula kitu: ndizi, ama kiazi kilichopikwa. Mwenye ugonjwa wa moyo, mama mwenye mimba, na yeyote anayesikia maumivu ya kifua, aulize munganga kwanza. Wasichana nao wajizoeze sawasawa na ndugu zao. Mpango ni ule ule.

Watu wa chukudu wanajua

Ukitaka mwalimu wa karibu, angalia mtu wa chukudu. Chombo chake cha mbao kinabeba kilo mia kadhaa za makala ama viazi kutoka milimani, na kazi yake imeheshimiwa hata kwa sanamu kubwa katikati ya mji wa Goma. Kwenye mlima anashuka na kusukuma, wala haoni haya. Kwenye mteremko hajiachilii. Anafunga freni mapema, na anaacha nafasi kati yake na aliye mbele. Nawe fanya hivyo. Mlima ukikushinda, shuka, sukuma, pumzika, endelea. Kwenye matope, freni ya nyuma ianze, ya mbele ifuate pole pole.

Barabara na feza

Wazazi, neno hili ni lenu. Hakuna msaada unaostahili damu ya mtoto. Kama njia haina usalama, ama bariera ni nyingi, msiwatume vijana mbali. Kilomita 40 zinaweza kupandwa bila kutoka mtaani. Pima mzunguko wa kilomita 2 kati ya kanisa, soko na uwanja wa mpira, na kila mmoja auzunguke mara 20. Waliomwahidi watahesabu kwa macho yao wenyewe, na akina mama watakaa njiani na maji. Kama mnatoka, mtoke pamoja, mchana, na wakubwa wa mahali wajue. Aliye mpole kuliko wote aende mbele, ili asiachwe.

Tena feza ikae wazi. Wachagueni watu watatu wa kuitunza, mmoja wao awe mama. Andikeni jina la kila aliyeahidi, na kiasi. Feza ikishatolewa kwa wagonjwa, somo lisomwe kanisani: tulipokea hiki, tulinunua hiki, kilibaki hiki. Pasipo hesabu, safari ya mwaka ujao haitapata mtu wa kuahidi hata franga moja.

Jumamosi hii basi, usimwambie mtu bado. Panga kiti cha kinga yako, jaribu freni, halafu panda nusu saa. Jumanne urudie. Majuma mawili yakipita na wewe ungali unapanda, hapo chukua daftari uende kwa jirani yako wa kwanza kuomba ahadi.