Mtoto Akicheza, Nani Anamchagulia Nyimbo?

Wiki hii tuzungumze juu ya michezo ya video. Wengi wetu tunaitazama kwa wasiwasi: inakula saa za masomo, na pesa ya mboga inaishia kwa mwenye PlayStation. Hayo ni kweli. Lakini kuna swali ambalo hatuulizi mara nyingi: mtoto akicheza saa nzima, masikio yake yanasikia nini?

Kila mchezo una nyimbo zake, na si mzazi aliyezichagua. Tuchukue Grand Theft Auto: San Andreas, mchezo wa mwaka 2004 ambao vijana wengi wanaujua. Mchezaji akiingia ndani ya gari, redio inawaka na kupiga nyimbo za Marekani, nyingine zimejaa matusi. Mtoto asiyejua Kiingereza anayakariri tu, kisha anayaimba mbele ya wadogo zake.

Kumbe waliotengeneza mchezo huo waliacha mlango wazi. Kwenye kompyuta kuna folda inayoitwa User Tracks. Ukiweka humo nyimbo zako, mchezo unazipiga kama redio nyingine.

Wazo hilo si geni. Mwaka 1999, huko Japani, ulitoka mchezo wa PlayStation unaoitwa Vib-Ribbon. Ndani yake sungura aliyechorwa kwa mistari myeupe anatembea juu ya njia. Mchezaji anaweza kutoa CD ya mchezo na kuingiza CD yake ya muziki, na mashine inajenga njia kufuatana na mdundo. Fikirieni rumba yetu humo: mwanzo njia imetulia, lakini sebene ikianza, vizuizi vinafuatana mbiombio! Kisha mwaka 2001 ilikuja Xbox ya kwanza, iliyoweza kuhifadhi nyimbo za CD za mwenye nyumba na kuzipiga katika baadhi ya michezo.

Nyimbo za kampuni, kwa kawaida, hutumiwa kwa mkataba wenye muda. Mwaka 2018, miaka kumi baada ya Grand Theft Auto IV kutoka, nyimbo nyingi ziliondolewa humo kwa sababu mikataba ilikwisha. Wimbo uliouweka wewe mwenyewe hauna wa kukuondolea.

Kwetu hazina ya nyimbo haikosekani. Mwezi wa 12 mwaka 2021, UNESCO iliandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa binadamu. Tuna pia kwaya za kanisani, nyimbo za Mashi na za Kifuliru, na zile bibi anazombembelezea mtoto. Nyingi kati ya hizi za mwisho hazipo kwenye CD yoyote. Bibi akiondoka, zinaondoka naye. Zirekodi kwa simu, umpe kijana aziweke kwenye mchezo wake. Atazisikia mara nyingi kuliko tunavyodhani.

Lakini tusijidanganye: wimbo mzuri hausafishi mchezo mbaya. San Andreas ni mchezo wa kuua na kuiba, na huko Ulaya umewekewa namba 18, yaani si wa watoto, hata ukiupigia nyimbo za kwaya. Michezo ya mpira ya FIFA huwa na namba 3. Tafuteni namba hiyo kwenye kasha kabla ya kukubali.

Kwa mama ambaye mtoto wake anacheza kwenye simu, njia ni rahisi:

1. Mwambie afungue mipangilio ya mchezo na kuzima muziki, aache sauti nyingine.
2. Afungue nyimbo zilizo kwenye simu, azipige, kisha arudi kwenye mchezo.
3. Mchezo ukizikata, atumie redio ndogo pembeni. Kazi ni ile ile.

Msimwamuru mtoto nyimbo zote. Achague zake tano, nawe uchague tano, na kila mmoja amweleze mwenzake maneno yake. Hapo ndipo utajua anachosikiliza, naye atajua maana ya nyimbo ulizolelewa nazo.

Katika mkutano wetu ujao, kila mama alete wimbo mmoja wa nyumbani kwao uliorekodiwa kwa simu. Tutapeana, na kila mmoja atarudi nyumbani na nyimbo za wote.