Vijana wa Skuli na Miti: Barua Iliyotufikia kutoka Muze

Wanachama wenzetu,

Katika mkutano uliopita wazee wawili walisimama wakauliza: hawa watoto wa skuli wanaopita mashambani kuhimiza watu wapande miti, nani kawatuma, na wanataka nini kwetu? Siku ile hatukuwa na wasaa wa kujibu sawasawa. Baadaye ikatufikia barua kutoka Muze, Mkoa wa Rukwa, ambako kijana wa mwanachama mmoja ni mwalimu. Anasema wanafunzi wake wanataka kuotesha miche, naye atuuliza sisi wakulima wa karafuu namna tunavyoilea yetu hata ikapona kiangazi. Tumeona yafaa kuyaeleza yote mawili hapa.

Kwanza, Muze ni wapi? Sumbawanga mjini ni juu, katika uwanda wa Ufipa, penye baridi na majani mengi kuliko miti. Mtu akitoka huko kuelekea Ziwa Rukwa hufika ukingoni, akateremka mteremko mkali mpaka bondeni kwenye joto, na Muze iko huko chini. Ziwa lile si kama bahari yetu. Mito huingia, kama Songwe na Momba, lakini hakuna hata mmoja utokao. Maji yake yana magadi, kina chake ni kifupi, na miaka ya mvua ziwa hupanuka, miaka ya ukame likarudi nyuma mbali sana. Basi fikirini: miti ya ukingoni ikikatwa kwa mkaa na kwa mashamba mapya, mvua kubwa huuteremsha udongo. Juu hubaki mawe, chini mashamba hufunikwa mchanga, na tope huingia katika ziwa ambalo tangu hapo halina kina. Anayeishi bondeni hulipa deni la mkataji wa juu.

Wala Wafipa si wageni wa elimu ya ardhi. Wazee wao tangu zamani hupindua majani pamoja na udongo wakayafukia katika vichuguu vya mviringo viitwavyo ntumba, yakaoza humo, kisha mwaka wa pili vichuguu husambazwa na kupandwa ulezi. Hiyo ndiyo samadi yao, isiyonunuliwa dukani. Twataja haya kwa sababu wako wanaodhani kulinda ardhi ni fikra iliyokuja na wageni.

Sasa khabari za vijana. Katika mwaka 1991, huko Dar es Salaam, wanafunzi 12 walikwenda kwa Bi Jane Goodall, yule mwanamke Mwingereza aliyefika Gombe, Kigoma, mwaka 1960 kuwachunguza sokwe, na aliyefariki Oktoba 2025. Walikaa naye katika baraza ya nyumba yake. Hawakwenda kuomba fedha. Walikuwa na malalamiko: uvuvi wa baruti, uwindaji wa haramu katika mbuga, watoto wanaolala njiani, wanyama wanaoteswa. Uvuvi wa baruti ulikuwa umekwisha katazwa Tanzania tangu 1970, na bado vishindo vilisikika. Hapo ndipo ilipozaliwa jumuiya ya Roots & Shoots, maana yake mizizi na machipukizi. Leo imeenea katika nchi zaidi ya 60.

Utaratibu wake ni mwepesi. Kila kundi huangalia pale linapokaa, likachagua tatizo lake lenyewe, la watu, la wanyama au la mazingira, kisha likafanya kazi. Haletewi mtu amri kutoka mbali. Kwa hivyo kwa wale wazee wawili jibu letu ni hili: kazi ya namna hii haihitaji mtu wa kuwatuma.

Wako pia vijana wanaosema kwa sauti kubwa zaidi. Uganda, mwaka 2019, msichana Leah Namugerwa alipokuwa na miaka 14 alianza kuacha masomo siku za Ijumaa na kusimama njiani na bango, akifuata mfano wa Greta Thunberg wa Sweden. Alipotimiza miaka 15 hakufanya karamu, alipanda miti 200. Kwa miti twamsifu bila ya shaka. Kuhusu kuacha masomo, sisi hatumuungi mkono, na tutawaambia hivyo watoto wetu. Lakini tusilifanye hilo kuwa kisingizio cha kutosikiliza neno lake.

Kwani jambo lenye uzito ni hili. Katika kijiji cha Bara kama Muze, mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji ni mkaazi aliyefikia miaka 18. Mkutano ule ndio wenye sauti juu ya ardhi na msitu wa kijiji. Mwenye miaka 15 hana kura, na ndiye atakayeishi na kipara cha mlima kwa miaka 50. Kwetu ni vivyo hivyo. Mkarafuu huanza kuzaa baada ya miaka sita au minane, na ukitunzwa huzaa umri wa mtu mzima. Kimbunga cha Aprili 1872 kilipoangusha mikarafuu mingi ya Unguja, walioipanda upya walijua kuwa mavuno makubwa watayachuma wana wao. Na waliosoma chuoni hawahitaji kukumbushwa khabari ya mwenye mche mkononi.

Lipo la kuogopa, nalo tulitaje. Mtoto asitumwe kumkabili mwenye shoka au mchoma mkaa usiku. Hiyo ni kazi ya sheha na ya watu wa misitu. Mtu mzima anayemtanguliza mtoto mbele ya ugomvi huo ana aibu yake. Wala isiwe mtoto kumfedhehesha baba yake hadharani kwa mti alioukata. Aseme kwa adabu, nyumbani, na baba naye asikilize.

Tukirudi kwenye barua, tumemjibu mwalimu kama ifuatavyo. Mbegu ya karafuu haingoji. Ikikauka imekufa, basi hupandwa ikiwa mbichi. Miti yao huenda ina tabia nyingine, hapo awaulize wazee wa Kifipa. Kitalu kiwe karibu na maji na kiwe na kivuli cha makuti au majani. Mche ukikaribia kuhamishwa kivuli kipunguzwe kidogo kidogo, usistuke na jua. Uhamishwe mvua zikianza, si zikiisha. Na kazi kubwa ni baada ya kupanda: mche usiopewa kivuli wala maji kiangazi cha kwanza ni kuni za mwaka ujao. Kila mtoto apewe miche yake kwa hesabu ndogo aijue mmoja mmoja.

Limebaki letu. Walimu wa skuli yetu wameomba kipande cha ardhi kwa kitalu cha wanafunzi, pamoja na mzee mmoja wa kuwafundisha. Baadhi ya wajumbe wa kamati wanakubali, wengine wanasema ardhi ya chama si uwanja wa watoto. Sisi tumeshasema upande tulio. Jambo hili litapigiwa kura mkutano ujao, na mwenye makopo matupu au makuti ya ziada aje nayo siku hiyo, kura iendavyo.