MGENI WA MAKTABA AKIRUDI KWAO, VITABU VINABAKI NA NANI?



Wengi wetu hapa Idjwi wanauliza kama inawezekana mtu wa inchi nyingine avuke ziwa, akae na sisi miezi michache, atusaidie kupanga maktaba ya shule bila kulipwa mshahara. Ndiyo, inawezekana, na kazi hiyo si ya leo. Lakini tunapashwa kuielewa vizuri mbele ya kuiomba, kwa sababu maktaba inaweza kufa siku ile ile mgeni anapopanda mtumbwi wa kurudi.

1. Mjitoleaji ni nani?

Ni mtu anayetoa wakati wake na ujuzi wake bila kutafuta faida. Mara nyingi shirika linamlipia safari, chakula na fasi ya kulala, basi. Kule Uingereza shirika la VSO lilianza mwaka 1958. Mwanzoni lilituma vijana waliotoka tu kumaliza sekondari. Kisha likaona afadhali kutuma watu wenye ufundi. Kule Marekani Peace Corps ilianza mwaka 1961, na walimu wake walifika Ghana mwaka ule ule.

Wengine walituma vitabu. Mwaka 1954 Hermione Ranfurly, mke wa gavana wa Bahamas, alianza kukusanya vitabu kwa ajili ya shule za visiwa vile. Kazi yake leo inaitwa Book Aid International, na inapeleka vitabu katika inchi nyingi za Afrika. Kumbe kazi hiyo kubwa ilianza juu ya watoto wa kisiwani kama sisi!

2. Jirani zetu walifanya nini?

Tanganyika ilitoa sheria ya maktaba mwaka 1963, Uganda mwaka 1964, Kenya mwaka 1965. Siku zile wajuzi wa maktaba walikuwa wachache sana, na wageni walikuja kusaidia. Lakini angalieni jambo hili: mwaka 1963 huko Makerere, Kampala, ilifunguliwa shule ya kufundisha watu wa Afrika ya Mashariki kazi ya maktaba. Hawakungoja wageni waondoke ndipo watafute wa kuwafuata. Ndiyo maana wageni walipokwenda, milango haikufungwa.

Mfano wa karibu zaidi uko Kitengesa, kijiji cha upande wa Masaka, Uganda. Mwaka 1999 Kate Parry, mwalimu wa chuo kikuu kule New York, pamoja na mkubwa wa shule ya sekondari ya pale, walianza na sanduku moja la vitabu. Mwaka 2002 wakapata nyumba ya maktaba, kwa msaada wa mfuko wa watumishi wa Umoja wa Mataifa wanaotoa sehemu ya mshahara wao. Vijana wa chuo kikuu cha Kanada walikuja kujitolea, wakarudi kwao, wengine wakaja. Lakini funguo ilikuwa mkononi mwa mtu wa pale pale. Tena wanafunzi wa sekondari walitumika ndani ya maktaba, na kwa kazi ile walilipiwa masomo. Mwaka 2007 maktaba za vijiji vya Uganda zikaunda chama chao ili zisaidiane.

3. Na kwetu?

Peace Corps ilifika Zaire mwaka 1970. Mwezi wa kenda mwaka 1991, wakati askari walipopora Kinshasa, wajitoleaji waliondolewa wote. Mwaka 1996 vita iliingia Bukavu, na mwezi wa pili mwaka 2025 iliingia tena. Wakati kama huo mgeni anaitwa na watu wake arudi, na anarudi. Hatumlaumu, sisi pia tungeitwa na mama zetu. Lakini mtoto wa kalasi ya sita anabaki, na mtihani wa Serikali unamngojea. Kwa hiyo kila kazi ambayo mgeni peke yake anaijua ni kazi iliyokwisha kupotea.

4. Kazi yenyewe inakwenda namna gani?

Mbele hajafika. Shule inatafuta chumba kisichovuja, mlango wenye kufuli, na mwalimu mmoja mwenye saa za maktaba katika mpango wake wa juma. Rafu zisishikane na ukuta wala zisigusane na udongo, kwa sababu ya mchwa na unyevu wa ziwa. Kazi hii haihitaji mzungu. Inahitaji seremala.

Akiwa hapa. Kila kitabu kinapewa namba na kuandikwa katika rejista: namba, mwandishi, jina la kitabu, siku kilipoingia, kilitoka wapi. Kinapigwa muhuri wa shule. Kisha kinapangwa kwa kufuata mambo yaliyomo. Wengi wanatumia mpango wa Mmarekani Melvil Dewey wa mwaka 1876, unaogawa elimu yote katika mafungu kumi. Biblia iko 220, hesabu 510, kilimo 630, vitabu vya hadisi na mashairi ya Kifaransa 840, historia ya Afrika yetu ya Kati 967. Shule yenye vitabu mia mbili tu inaweza kutumia rangi: kijani kwa kilimo, nyekundu kwa historia, hivyo hivyo. Mgeni mwenye akili anaanza na njia ambayo mwanafunzi wa kalasi ya kwanza anaifahamu siku moja.

Halafu kuna kaye ya kuazima: jina, kalasi, namba ya kitabu, siku ya kutoka, siku ya kurudi. Ni mistari tu ya biki, lakini ndiyo roho ya maktaba. Tufanye hesabu. Tukiwa na vitabu mia, na kila mwaka vinapotea kumi, kisha miaka kumi tunabaki na rafu tupu. Kwa kuogopa hivyo, shule nyingi zinafungia vitabu katika ofisi ya Prefe. Pale havipotei, ni kweli, lakini havisomwi pia. Kaye inafanya kitabu kitoke na kirudi.

Kisha kuondoka. Juma mbili za mwisho mgeni akae pembeni, asiguse kitu, na wenyeji wafanye kila kazi mbele ya macho yake. Wakikwama, aeleze. Hapo ndipo inajulikana kama ametufundisha ao ametufanyia tu.

5. Vitabu gani?

Si kila kartoni ya vitabu ni msaada. Sisi tunasoma kwa Kifaransa, tunaongea Kiswahili na Kihavu. Vitabu vya Kiingereza vilivyotupwa na shule ya mbali vitajaza rafu, vumbi litavisoma. Msaada mzuri unaanza na barua yetu: tunahitaji kamusi tano za Kifaransa, vitabu vya kemia na biolojia vinavyofuata programu yetu, vitabu vya hadisi vya waandishi wa Afrika, vitabu vya Kiswahili, na kitu juu ya kahawa, mananasi na samaki, kwa sababu ndivyo vinavyolipa masomo ya wengi wetu. Anayetaka kutusaidia atafurahi kuona tunajua tunachotaka. Tena tusione haya kukataa kwa adabu kile kisichotufaa.

6. Na sisi wenyewe?

Watu wanafikiri kujitolea ni jambo la wazungu kuja kwetu. Lakini mwanafunzi wa Idjwi anayejua kushika rejista anaweza, wakati wa vakanse, kwenda shule ya msingi ya ng'ambo ya kilima akawapangia vitabu vyao thelathini. Pale naye ni mgeni wa maktaba, na sheria ni ile ile: asirudi nyumbani mbele hajamwacha mwenyeji anayeweza kuendelea.

Kwa hiyo, mbele ya kumwandikia mtu yeyote wa ng'ambo, tunaomba kila kalasi ichague wanafunzi wawili, msichana na mvulana, watakaojifunza kazi ya rejista na kaye pamoja na mwalimu. Majina yaletwe kwa kamati ya gazeti mbele ya vakanse. Mgeni akija, atawakuta wamekwisha kuanza. Asipokuja, kazi itaendelea.